Mwalimu, tutapiga saa ngapi?

Kinanda nilianza kukipiga nikiwa form two, kwaya ya vijana, baada ya mpigaji wetu kuhamia Mwanza ghafla na ikaonekana mimi ndo pekee niliyewahi kukaa kwenye kile kiti, hata kama nilikuwa nachezea tu mazoezi yakiisha. Hakuna aliyenifundisha. Nilisikiliza, nikapapasa, nikakosea mbele za watu Jumapili kwa Jumapili mpaka makosa yakapungua. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilisomea wapi mziki huwa nacheka tu, manake jibu lake linachukua muda.

Kazi yangu ya mchana ni stesheneri, Tabata huku, natoa kopi, naprinti, nalaminati vyeti vya watu. Kufundisha kulikuja kidogo kidogo. Kuanzia 2018 hivi wanakwaya walikuwa wanakuja geto jioni, kinanda naweka juu ya meza ya kupigia pasi, mwanafunzi anakaa kitandani mimi nasimama, tunaanza. Bure. Mtu anakuja mara mbili, ya tatu anasema ana msiba, ya nne humuoni tena. Mmoja aliniletea mihogo mibichi kutoka kwao Mkuranga na nilifurahi kweli. Wengine "Mungu atakulipa dada". Na katika wote hao, nataka hili mlishike, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia sifundishi vizuri. Nilikuwa najiona mwalimu haswa.

Basi mshkaji wangu mmoja akanipa wazo, kwanini nisifanye warsha ya siku moja, Jumamosi, watu walipie, wajifunze mwanzo kabisa wa piano. Nkaona sawa. Nikatengeneza tangazo mwenyewe pale ofisini, nikachukua intaneti picha ya piano kubwa ile nyeusi yenye mfuniko umeinuliwa, nikaandika JIFUNZE PIANO KWA SIKU MOJA, elfu kumi tu, nikasambaza kwenye magrupu. Waliosema watakuja ni tisa. Ukumbi nikakodi darasa la chekechea kwa elfu 30, vinanda vitatu, kimoja changu, viwili vya kuazima, bajaji elfu 12 kwenda na kurudi.

Kosa la kwanza lilianzia mlangoni. Mama mmoja wa makamo, kavaa kitenge kimetulia, kaingia, kaangalia vile viti vya watoto vya rangi rangi, kaangalia vinanda vitatu kwenye meza fupi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, piano iko wapi?" Sikuwa na jibu. Piano yenyewe ina funguo 88 na ukibonyeza kuna nyundo ndani inaenda kugonga waya, ndo maana funguo zake ni nzito na ukigonga kwa nguvu inalia kwa nguvu, ukigusa taratibu inanong'ona. Vya kwangu vilikuwa vinanda vya umeme vya funguo 61 na kimojawapo hata ukikipiga ngumi sauti ni ile ile. Mimi nilikuwa naona ni kitu kimoja kwa sababu sijawahi kumiliki kingine, ila yule mama alikuwa ametoa elfu kumi yake kwa ajili ya picha niliyoweka mimi. Toka siku hiyo tangazo langu linasema kinanda na picha ni ya vinanda vyangu vyenyewe, pamoja na lile darasa.

Kosa la pili ndo kubwa. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nimeandika kurasa kumi na nne, nikaanza na historia, kwamba piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori huko Florence, Italia, kwenye mwaka 1700 hivi, nikaja kwenye mistari mitano ya nota, nota nzima, nusu, robo, shapu na flati, ubaoni nachora nafuta. Katikati nikaona wanasinzia nikasema ngoja niwachangamshe, nikakaa nikapiga pambio kwa spidi na manjonjo yote niliyonayo. Wakapiga makofi. Nikarudi ubaoni. Ilikuwa imeshafika saa nne na nusu, tumeanza saa tatu, hakuna mtu kagusa kinanda, yule yule mama akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, tutapiga saa ngapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila nilisikia joto masikioni. Miaka miwili ya bure hakuna aliyeniuliza hilo swali. Anaepewa bure hadai, anaondoka tu kimya kimya na kukuambia ana msiba. Huyu alikuwa amelipa, kaangalia saa, kaona hela yake inaishia ubaoni, akasema.

Mahesabu ya siku hiyo: waliofika saba, waliolipa watano, ukitoa ukumbi, bajaji na maji ya kunywa ya elfu tano nilibaki na elfu tatu. Chipsi kavu basi.

Nilikaa karibu miezi miwili sijatangaza tena, nawaza tu lile swali. Nikaamua kitu kimoja, kwamba dakika kumi za kwanza kila mtu awe amebonyeza, na wakati wa kuondoka kila mtu awe na wimbo mmoja mikononi, hata kama ni wa mistari miwili. Mengine yote yaje kama yana kazi kwenye huo wimbo, kama hayana yakae.

Sa hapo ndo nikaanza kujifunza kufundisha. Mfano, kumfundisha mtu mzima kuijua nota ya C ilipo kwenye kinanda. Mimi siku zote naiona tu, kama unavyoona mlango wa nyumbani kwenu, sikuwahi kufikiria naionaje. Ukimwambia mtu "C ni hii hapa" anaishika hiyo moja, ukimwambia atafute nyingine anapotea, anaona meno meupe tu yamejipanga. Siku moja nikiwa nimepika uani nikaangalia mafiga, yale mawe matatu ya kuwekea sufuria, nikapata jibu. Funguo nyeusi hazijapangwa hovyo, ziko mbili mbili na tatu tatu. Zile mbili nikaziita mapacha, zile tatu mafiga. C ni ile nyeupe iliyoegemea mapacha kwa kushoto. F imeegemea mafiga kwa kushoto. Kwisha. Namwambia mtu nitafutie C zote, kinanda cha funguo 61 zipo sita, anazipata chini ya dakika na anacheka mwenyewe. Akina mama ndo wanalielewa haraka kuliko wote, vijana wa mjini wengine inabidi kwanza nieleze figa ni nini.

Namba za vidole nazo. Kwenye piano dole gumba ni namba moja, mikono yote. Kuna kijana alikuja anapiga gitaa tayari, nikasema huyu atakuwa mwepesi, kumbe kwenye gitaa kidole cha shahada ndo namba moja, kwa hiyo kila nikisema tatu yeye anaweka kingine, nusu saa nzima namuona mbishi. Hakuwa mbishi. Sa hivi nauliza mapema kama kuna mpiga gitaa humu.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kwamba watu wetu wanaimba. Hata anayesema hajui mziki, mweke msibani au kwenye sherehe utamsikia. Kwa hiyo tunaimba kwanza, bila kinanda, mpaka wimbo umekaa mdomoni, afu vidole vinautafuta wenyewe. Wa kwaya ni rahisi zaidi kwa sababu wamekulia solfa, d r m f s l t, hii tuliletewa na wamisionari, John Curwen wa Uingereza ndo aliyeikuza karne ya 19 kutoka kwenye mfumo wa mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa kusoma bila kuhangaika na ile mistari mitano. Ila humo humo kuna mtego. Do ya solfa inahama. Wimbo ukiwa ki ya G, yaani umejengwa juu ya nota ya G, Do ni G. Sasa karibu kila anayekuja na kinanda chake kutoka nyumbani ameshabandika vikaratasi, Do kwenye C, Re kwenye D, na kabandika na gundi kweli kweli, ukimwambia leo Do imehamia hapa anakuangalia kama umemwambia Jumapili imehamia Jumatano. Vikaratasi nilishaacha kugombana navyo, naviacha siku ya kwanza, siku ya pili naomba tuvitoe.

Baada ya hapo kodi tatu, yaani nota tatu tatu zinazopigwa kwa pamoja, kodi ninazosema hapa sio za TRA. Ya C, ya F, ya G. Do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Kwa hizo tatu mtu anasindikiza mapambio mengi tu ya nyumbani, mkono wa kushoto kidole kimoja kimoja, kulia anashika. Mtu akisikia kile kishindo cha kwanza cha sauti tatu kwa pamoja kinatoka mkononi mwake, uso wake unabadilika. Hiyo siwezi kuieleza vizuri.

Kuna vitu vidogo ambavyo hakuna aliyenionya. Batani ya demo, kila kinanda kinayo, na kila mtu lazima aibonyeze, darasa zima linapigwa rumba la Kijapani wakati wewe unaongea, nimeishia kuibandika selotepu. Umeme, ukikatika vinanda vitatu vinakufa kwa pamoja, kimoja changu cha zamani kinakula betri sita zile nene za redio na huwa natembea nazo, si rahisi. Kucha, dada mmoja alikuja katoka saluni asubuhi hiyo hiyo na kucha za jeli ndefu, vidole havikunjiki, anabonyeza kwa ubavu, na siwezi kumwambia azitoe kwa hela aliyolipa kule. Nikawa naandika kwenye meseji ya maelekezo "njoo na kucha fupi", mmoja akanipigia kuuliza kama ni masharti ya dini.

Na shikamoo. Hili sijui kama wanaofundisha nchi za wenzetu wanalo. Kwenye warsha ya nne alikuja mzee mstaafu, alikuwa fundi mitambo, zaidi ya miaka sitini, vidole vizito kama misumari ya nchi sita. Namuamkia shikamoo mzee, marahaba mwanangu, afu dakika tano baadae inabidi nimwambie amekosea mbele ya watoto wa umri wa wajukuu zake. Mara ya kwanza nilimwambia kwa sauti, "mzee hapana, kidole cha tatu", nikaona mabega yake yameshuka, na akaacha kabisa kubonyeza, akawa ananiangalia mimi tu anatikisa kichwa ndio ndio. Nilikosea. Nikajifunza kuwaambia wote watoe mikono waangalie tena, kana kwamba kosa ni la darasa, au napita nyuma yake nainama, "mzee samahani, nione hapa kidogo". Nikanunua na hedifoni na zile waya za kugawa mara mbili, watu wawili kinanda kimoja, wanakosea wao wawili bila kinanda cha jirani kusikia. Hedifoni zimenisaidia kwa watu wazima kuliko maneno yangu yote, aibu ndo inafukuza watu wazima, sio ugumu.

Sasa nije kwenye aibu yangu mimi. Warsha ya sita au ya saba, binti mmoja wa form three akaniambia, "Dada, huu wimbo kwaya yetu wanauimba ki ya D, na kinanda chetu transpozi imekufa, nionyeshe kwa mkono". Wapigaji wa kanisani mnajua hapo nilipo. Miaka yote nilikuwa napiga kila kitu kwenye C, kwaya ikipandisha nabonyeza transpozi, ile batani inayohamisha sauti zote, vidole vinabaki pale pale. D kwa mkono, na zile nyeusi zake, F shapu na C shapu, nilikuwa sijawahi. Nikajaribu, nikapotea, nikarudi, nikapotea. Nikasema tutaliangalia wiki ijayo. Binti akasema sawa dada, wala hakuwa na dharau, ila yeye alikuwa kalipa na mimi sikuwa nalo.

Jumatatu yake nikaanza kutafuta mwalimu. Nikampata mmoja Mbezi, saa moja elfu 25, zaidi ya nilichokuwa natoza mimi kwa siku nzima. Siku ya kwanza akaniambia nipige skeli ya C tu, yaani nota zake nane za kupanda kutoka C mpaka C, nikapiga, akanyamaza, akasema rudia. Kumbe toka form two sijui kupitisha dole gumba chini. Moja mbili tatu, gumba linapita chini, moja mbili tatu nne tano. Mimi nilikuwa naruka. Mpiga kinanda wa kwaya kubwa, mwalimu wa warsha, napigishwa skeli ya mtoto kwa wiki tatu. Nilikuwa natoka pale nimekasirika, kwenye daladala nakunja vidole juu ya mkoba, na ndipo nikamkumbuka yule mzee na mabega yake. Nadhani ile elfu 25 ilinifundisha kufundisha kuliko kupiga, manake nilikuwa nimesahau kabisa inavyouma kutokujua.

Baada ya mwaka na kitu akanishauri nifanye mtihani wa ABRSM, ile bodi ya mitihani ya mziki ya Uingereza, gredi zake ni nane, nikajiandikisha ya tatu. Toka 2020 wana aina ya mtihani unaorekodi video unatuma, vipande vinne mfululizo, huruhusiwi kukata na kuunganisha. Nikaazima chumba kwa rafiki mwenye piano ya umeme ya funguo 88 nzito. Mara ya kwanza niko kipande cha tatu, kinaenda vizuri kuliko siku zote, akapita wa chuma chakavu na spika yake. Mara ya pili wa mayai. Ya tano ndo ikapita, saa tano usiku. Nilipata 117 kati ya 150. Kupasi ni 100, merit, ile daraja ya juu yake, inaanzia 120, na zile alama tatu bado zinaniuma, siwadanganyi.

Hela. Nilipopandisha kutoka elfu kumi kwenda elfu 35 kelele zilikuwa nyingi, na nyingi zilitoka kanisani, mmoja akasema nauza kipaji nilichopewa bure. Nikamjibu kwamba Jumapili bado napiga bure na nitaendelea, Jumamosi nakodi chumba. Hatujaelewana mpaka leo na tunasalimiana vizuri tu. Watu sita, hawazidi, advansi elfu 15 kwa simu kabla ya Alhamisi, asiyetuma nafasi anapewa mwingine. Ikijaa ni laki mbili na kumi, nikitoa chumba ambacho sasa ni elfu 40, bajaji 15, kijana wa kunisaidia 30, betri na takataka nyingine kama 10, nabaki na laki na kumi na tano. Sio hela ya kuachia stesheneri. Ila waliolipa wanakuja, wanawahi, wanauliza maswali mpaka natoka jasho.

Kazi za kuitwa nazo zipo, na hapo naomba uwe makini. Asasi moja iliniita kufundisha watoto wakati wa likizo, wiki mbili, makubaliano ya mdomo, watu wazuri, tunakula nao mchana. Hela ilikuja miezi minne baadae na ikiwa pungufu. Sikuwa na karatasi hata moja, mimi ambaye kazi yangu ni kuprinti mikataba ya wengine. Sa hivi nusu kabla, nusu siku ya mwisho, na imeandikwa.

Yule mzee bado anakuja. Ameshafanya warsha ya wanaoanza mara nne, ile ile, mapacha na mafiga, kodi tatu, na mara zote ametuma advansi yake Jumanne kabla ya mtu yeyote. Kinanda chake alinunua Kariakoo, anakibeba kimefungwa na kanga ya mkewe. Mwezi uliopita nikamwambia mzee, sasa uje ya pili, na kama unataka kurudia hii basi usilipe, njoo tu ukae. Akaniangalia kama nimemkosea adabu.

"Huko mbele mna haraka," akasema. "Na nikija bure nitakuuliza vipi?"

Nikapokea hela. Akavuta kile kiti cha chekechea chekundu, akakaa magoti yakiwa karibu na kifua, akafungua kanga, akawasha, na kitu cha kwanza, mbele ya wanafunzi wapya watano walionyamaza kwa heshima, akabonyeza demo.